Mbwa wa Kwale na Amana ya Mfugaji

Baina ya kijiji na kijiji, katika njia iendayo kusini kutoka Bukoba kupita Kemondo na Muhutwe hadi Muleba, na juu ya uwanda wa Kamachumu, ipo ardhi wazi ya majani ambayo wenyeji huiita rweya. Ni ardhi isiyo na rutuba ya kulea mgomba wala mbuni, lakini yenye riziki yake, kwani ndiyo itoayo majani ya kuezekea nyumba na kutandazia kibanja cha migomba, na ndiyo makao ya kwale. Mtu aliyekulia huko humjua ndege huyu kwa sauti kabla ya kumjua kwa macho: hulia alfajiri na magharibi, kisha mchana hujificha, na ukimkaribia hujibana chini asiruke mpaka unyayo wako uwe karibu kumkanyaga. Kwa sababu ya hulka hiyo, mwenye kumtaka kwale tangu kale alihitaji pua kuliko macho, na pua hiyo hakuipata ila kwa mbwa.

Vijana wa siku hizi, wenye kipato cha kahawa, cha vanila, au cha mshahara wa mjini, huuliza mbwa wa mbegu gani ndiye bora kwa kuwindia ndege, na apatikane kwa mfugaji yupi. Nao huliuliza swali hilo kwa namna ile ile ya mtu aulizaye habari za pikipiki, kana kwamba jawabu lote limo katika bei na sifa za chombo. Mimi naona kuwa swali hili ni la dini na falsafa kabla ya kuwa la soko. Mbwa wa mawindo hakuokotwa mwituni na tabia zake. Pua yake, subira yake, utii wake, na hata namna ya kusimama kwake, zilichaguliwa na wanadamu, dume kwa jike, kizazi baada ya kizazi, kwa ajili ya haja zao wenyewe. Aliyeichagua tabia ya kiumbe hai hawezi kudai kwamba hali ya kiumbe yule haimhusu, wala aliyemtwaa kutoka mkononi mwake hawezi. Na wote wawili, mwenye kutoa na mwenye kupokea, watakuwa na la kujibu mbele ya Mola juu ya uhai ambao usingalikuja duniani lau wao wasingaliutaka.

Na tuanze na kazi, kwa kuwa mbwa huchaguliwa kwa kazi wala kazi haichaguliwi kwa mbwa. Watu wa Ulaya waliigawa kazi ya mbwa wa ndege katika mafungu. Yuko pointa, na mwenzake seta mwenye manyoya marefu, ambao wakimnusa ndege husimama kimya, pua imeelekea windo, mguu mmoja pengine umeinuliwa, wasisogee mpaka mwindaji afike. Yuko spanieli, apenyaye vichakani na kuwarusha ndege, asitoke mbali kupita kadiri ya risasi. Na wako wachukuzi, kama Labrador, ambao hungoja bila kelele mpaka ndege aanguke, kisha huenda kumleta, hata majini, kwa mdomo mwororo usiovunja mfupa. Wajerumani, kwa kupenda mmoja afanye yote, walimzalisha pointa wao wa manyoya mafupi, naye ndiye atajwaye mara nyingi na vijana wetu. Kwa kwale wa rweya, ambaye hujibana, mbwa wa kusimama ana maana kubwa. Kwa kanga hana maana hiyo, kwani kanga hakubali kusimamiwa. Hukimbia kwa miguu mbele ya mbwa hata nusu ya kilima, na pointa mchanga akizoezwa kwa kanga huharibika, akajifunza kufukuza badala ya kusimama. Kwa bata wa Ziwa Ikimba na wa mafunjo ya pembeni mwa Ziwa Viktoria angefaa mchukuzi, lakini mwenye kumtuma mbwa katika maji yale akumbuke kuwa mamba wamo, na kwamba mbwa aliyefundishwa kutii hatakataa kuingia. Utii wake ndio utakaomwua, na damu yake itakuwa juu ya yule aliyetoa amri.

Kuna adui mwingine, mdogo kuliko mamba na mbaya kuliko yeye. Upande wa Biharamulo na Burigi, ambako tangu mwaka 2019 sehemu kubwa ya pori imekuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, na ndani yake hapana uwindaji, kuna ndorobo. Na ugonjwa wa nagana anaouchukua ndorobo humshika mbwa wa kigeni kwa ukali usio na huruma, humpandisha homa, humkausha damu, humfunika macho kwa ukungu mweupe, na aghalabu humwua. Kupe nao wana maradhi yao. Kwa hiyo anayesoma sifa za pointa au seta katika vitabu vya nchi za baridi, akaagiza kilebu wa nasaba tukufu kutoka Nairobi au ng'ambo, huenda akawa amemleta kiumbe mahali ambapo mwili wake haukuandaliwa, kwa sababu ya haiba tu.

Kwa hayo yote mimi namtanguliza mbwa wa kwetu. Mbwa huyu mwekundu, au wa rangi ya mchanga, masikio yamesimama, miguu mirefu mikavu, ambaye mpita njia humwita koko na kumrushia jiwe, ni mrithi wa mbwa waliowinda katika nchi za Maziwa Makuu kabla ya bunduki kujulikana. Jamaa zake wa Kongo walipochukuliwa hadi Uingereza katika miaka ya 1930 walipewa jina la basenji, wakaandikiwa nasaba, wakatukuzwa katika maonyesho, na watu wakastaajabu kuwa hawabweki kama mbwa wengine. Ilhali wawindaji wa misitu ile walilijua jambo hilo zamani, na ndiyo sababu waliwafunga njuga shingoni, ili mlio wa njuga uwaongoze watu mahali ambapo sauti ya mbwa haipatikani. Mbwa wa jinsi hii hasimami mbele ya kwale kama sanamu. Huyo sitamsifu kwa sifa isiyo yake. Lakini hunusa, huzunguka, humrusha ndege, huvumilia jua na njaa, na yule aliyesalia hai katika vijiji vyetu amesalia kwa kuwa maradhi ya nchi yamekwisha kumjaribu yeye na mababu zake. Mwenye subira ya kumfundisha hupata mwindaji wa kweli kwa gharama ya chakula na chanjo.

Nilisema kwamba swali hili ni la dini, na dini ya kale ndiyo itangulie. Kabla ya mapadre kufungua misheni ya Kashozi mwaka 1892, Mhaya wa nchi hii aliyetoka na mbwa wake kwenda kuwinda hakwenda kama mwenye mali aendaye ghalani mwake. Nyika ilikuwa na mwenyewe, naye ni Irungu, aliyetajwa pamoja na Wamara wa kuzimu na Mugasha wa ziwa. Na jirani zao wa Buganda walimtaja Ddungu kwa ajili ya mawindo yao. Sitaki kuirudisha ibada ile, maana imani yangu ni nyingine, lakini naheshimu ndani yake jambo ambalo wengi wetu tulilitupa pamoja nayo, nalo ni kukiri kwamba mnyama wa porini si wa mwindaji mpaka apewe, na kwamba yuko wa kuombwa ruhusa kabla mbwa hajafunguliwa kamba.

Uislamu uliofika Karagwe katika karne ya 19 pamoja na wafanyabiashara wa pwani, waliokuwa na kituo chao Kafuro, ulikuja na sheria iliyolitazama jambo la mbwa wa mawindo kwa undani ambao sijauona penginepo. Katika Sura ya Al-Maida, aya ya nne, waumini waliruhusiwa kula kile walichoshikiwa na wanyama wa kuwinda waliofundishwa, jina la Mwenyezi Mungu likiwa limetajwa. Na Adi bin Hatim, mtu wa kabila la Tayy, alipomwuliza Mtume habari za mbwa wake, alielezwa kwamba mbwa akishika asile, windo ni halali, na akila katika windo, liachwe, kwani yakhofiwa kuwa amejishikia mwenyewe.

Tafakari ukubwa wa sharti hili. Ndege ni yule yule, jeraha ni lile lile, meno ni yale yale, na njaa ya mbwa ni ile ile. Kinachotenganisha halali na haramu ni kwa ajili ya nani windo lilishikwa. Sheria imeingia ndani ya moyo wa mnyama, ikautafuta ushahidi wa makusudio yake, na ushahidi iliouridhia ni mmoja tu: kujizuia. Mbwa mwenye njaa achukuaye kinywani nyama yenye joto, damu ikimgusa ulimi, naye asiume, amefanya jambo ambalo silika peke yake isingalimfanyisha, wala mafundisho peke yake yasingalitosha kama silika haikuwa na pa kuyapokelea. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo madhehebu ya Waislamu walio wengi wa pwani yetu, waliweka alama za mbwa aliyefundishwa: aende atumwapo, asimame akatazwapo, ashike bila kula, na mambo hayo yarudiwe hata mwenyewe aamini kuwa yamekuwa tabia. Hawakuridhika na siku moja ya bahati.

Najua kwamba pointa na mchukuzi hawaui. Mwindaji huua kwa bunduki, nao huonyesha au huleta. Hata hivyo maana ya sharti lile haipungui, kwa kuwa mchukuzi atafunaye ndege njiani, au pointa arukiaye windo kabla bwana wake hajafika, anajishikia mwenyewe vile vile. Tena sheria haikumdanganya mtu juu ya unajisi. Mate ya mbwa kwa Washafii ni najisi nzito, ioshwayo mara saba, moja kwa udongo. Na Imamu Nawawi wa madhehebu hayo hayo, katika kauli aliyoiona sahihi zaidi, hakupasamehe hata mahali pa jino la mbwa katika windo, bali alisema paoshwe kwa maji na udongo. Kiumbe mmoja, basi, ni msaidizi aliyeruhusiwa na Qurani, na mdomo wake unatakiwa kuoshwa alipougusa mlo wako. Wako waonao mgongano hapo. Mimi naona insafu: kazi ya mbwa imetukuzwa, na mpaka wake umewekwa, na hapana hata kimoja kilichofuta kingine.

Katika hadithi nyingine imeelezwa kwamba mtu afugaye mbwa pasipo haja ya mawindo, ya mifugo au ya mazao, hupungukiwa na thawabu kila siku ipitayo. Na juu ya bei yake, Washafii wamekataa katakata: mbwa hauzwi, hata aliyefundishwa, wala bei yake si halali, ingawa Wahanafi waliruhusu. Lakini Washafii hao hao walimpa mwenye mbwa haki ya kunufaika naye kuliko mtu mwingine yeyote, wakamruhusu kumpa mwenzake na kumwusia baada ya kufa; yaani mbwa yuko mikononi mwake kwa kweli, bali si mali yake kama jembe lilivyo mali yake. Wengi wa wasomaji wangu wa Bukoba na Muleba ni Wakristo, wasiofungwa na hukumu hii, nami simwambii mtu aache kununua. Namwomba aifikiri tu. Vijijini mwetu, ambako mtoto wa mbwa hutolewa kwa jirani kwa shukrani tu, na aliyetoa huendelea kuuliza habari zake apitapo njiani, watu wasiosoma fiqhi hata siku moja wameishi karibu sana na maana yake.

Sasa nifike kwa mfugaji. Sharti lile lile alilowekewa mbwa ndilo ninalolitaka kwake, kwani yeye naye ameshika kitu kinywani: ameshika uhai wa vilebu, na maisha ya mbwa jike, na mategemeo ya mtu ajaye kuchukua. Je, ameshika kwa ajili ya nani? Akiwa amejishikia mwenyewe, utaona dalili. Atamzalisha jike kila apatapo joto, bila kumpumzisha. Atampandisha kwa ndugu yake wa tumbo moja, ili asilipe gharama ya dume wa mbali. Atawatoa vilebu kabla ya wiki ya nane, wakati bado wanajifunza kwa mama na ndugu zao kadiri ya kuuma na kuumwa. Atakuonyesha picha za vikombe vya maonyesho lakini mama wa vilebu hatamtoa nje. Na ukimwuliza kasoro za mbwa wake atakuambia hawana. Mfugaji mwema hukutajia kasoro kabla hujauliza, kama vile nyonga zilizolegea kwa babu fulani au woga wa mlio wa bunduki kwa dada fulani, na anazo karatasi za chanjo, maana katika nchi yetu kichaa cha mbwa kinaua watu, na watoto ndio wanaofariki zaidi. Kilebu apewe chanjo hiyo afikapo miezi mitatu, irudiwe kila mwaka.

Tuchukulie kijana wa Nshamba amefika kwa mfugaji wa jinsi hii, pembezoni mwa mji.

“Shikamoo, mzee wangu.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu, keti. Mbwa unamtakia nini?”

“Wa kwale, mzee. Nimesikia unao pointa.”

“Ninao. Leseni ya kuwinda umekwisha pata?”

“Bado, mzee.”

“Na nani atakayemkimbiza kila siku, mvua ikinyesha na isiponyesha?”

“Mimi mwenyewe nikitoka kazini. Rweya iko karibu na kwetu.”

“Basi nenda kamalize kwanza mambo ya leseni na kibali. Ukirudi utawakuta vilebu hawa wamekwenda, lakini mama yao yupo. Utamwona akifanya kazi, ndipo utajua kama unamtaka mtoto wake.”

Mfugaji huyu amepoteza fedha siku hiyo, naye alikuwa na haja nazo kama mtu mwingine. Kilebu alikuwepo, mnunuzi alikuwepo, na hapana mtu ambaye angemlaumu. Akajizuia. Kwangu mimi hicho ndicho cheti, na karatasi za nasaba zifuate baadaye.

Juu ya nasaba yenyewe kuna neno ambalo haliwezi kuachwa, hasa katika mkoa huu wa Kagera. Nasaba ya mbwa si uzushi: silika ya kusimama mbele ya ndege hurithiwa, na kilebu wa pointa huweza kuionyesha hata kabla ya kufundishwa. Lakini nguvu yake ina kadiri. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2022, uliokusanya habari za mbwa zaidi ya 18,000, ulionyesha kuwa mbegu inaeleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia baina ya mbwa mmoja na mwingine, ijapokuwa utayari wa kumsikiliza mwanadamu na baadhi ya silika za kazi hufuata mbegu kuliko hivyo. Kilichobaki ni malezi, ni mahali, na ni nafsi ya mbwa mwenyewe. Ndiyo maana ninasisitiza kumtazama mama akifanya kazi. Jina la mbegu halikuambii atakavyokuwa huyu aliye mbele yako.

Na wanadamu, kwa bahati mbaya, hawakuyaacha mawazo ya nasaba kwa mbwa. Katika kitabu cha tano cha Jamhuri, Plato anamwonyesha Sokrate akimwuliza Glauko, ambaye nyumbani alikuwa na mbwa wa kuwinda na ndege wa mbegu njema, iwapo huwazalisha wote pamoja au huwateua walio bora. Na kutoka katika jawabu la Glauko, kwamba huwateua bora, mazungumzo yanapanda mpaka kwenye ndoa za watu, na watawala wanapewa kazi ya kupanga nani azae na nani. Nimeisoma sehemu hiyo kwa hofu, kwani fikra ya jinsi hiyo ilifika hata kwetu. Mwishoni mwa mwaka 1861 msafiri Mwingereza John Hanning Speke, aliyekuwa mwindaji hodari, alifika Karagwe akakirimiwa na Mfalme Rumanyika. Na katika kitabu alichokitoa mwaka 1863 alieneza nadharia kwamba watawala wa nchi hizi ni uzao wa watu wengine waliotoka kaskazini, bora kuliko wale waliowatawala. Miaka 10 baadaye, mwaka 1873, chama cha kuandika nasaba za mbwa kikaundwa London. Sisemi kuwa jambo moja lilizaa jingine. Nasema zama zilikuwa moja, na jicho lililopima watu na mbwa lilikuwa moja. Fikra ile juu ya watu, ikisha kukuzwa na wakoloni na kutumiwa na wanasiasa, ilifika mwisho wake katika mauaji ya kimbari ya Rwanda mwaka 1994, na watu wa Kagera waliona mwisho huo kwa macho yao, Mto Kagera ulipoteremsha maiti hadi ziwani. Kwa sababu hiyo, mfugaji ahamaye kutoka kusifu damu ya mbwa wake hadi kusifu au kudharau damu ya koo za watu, mwondokee bila kuuliza bei. Uteuzi wa mbegu ni ufundi unaofaa zizini, chini ya hisani na kiasi. Ukitoka hapo hauna haki ya kukaa.

Mzee katika mfano wangu aliuliza habari za leseni, na hakuuliza kwa kupenda taratibu. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kuwinda pasipo leseni, na imemtaja mbwa miongoni mwa vitu visivyotumiwa katika uwindaji ila kwa idhini ya maandishi ya Mkurugenzi wa Wanyamapori. Wengi wafugao mbwa wa mawindo hawalijui hilo, au wanalijua wakalipuuza. Sasa mfikiri pointa aliyenunuliwa kwa fedha nyingi na mtu asiye na leseni, asiye na kibali, wala asiyekusudia kuvitafuta. Mbwa yule amezaliwa na miguu ya kukimbia kutwa na pua inayosoma upepo. Amefungwa mnyororo nyuma ya nyumba mjini, kati ya karo na ukuta, na harufu pekee anayopewa ni ya jalala la jirani. Huzunguka, hujitafuna mkia, hubweka usiku, na mwenyewe humpiga kwa kubweka. Hii ni dhuluma, na ubaya wake ni kwamba haionekani kuwa dhuluma, kwa kuwa chakula anapewa.

Labda mtu atanijibu kwa Kitabu cha Tobiti, ambacho Wakatoliki wa Jimbo la Bukoba wanacho katika Biblia yao, na ndani yake kijana Tobia anasafiri pamoja na malaika, na mbwa anafuatana nao, bila kazi yoyote iliyotajwa. Ni kweli, na ni habari ninayoipenda. Kufuatana ni kazi tosha kwa mbwa ambaye nafsi yake inaridhika na kufuatana. Lakini mbwa yule alikuwa safarini, miguu yake njiani, watu wake mbele yake. Anayetaka mwandani na apokee mbwa wa kijiji, au wa mbegu tulivu. Asimchukue aliyeteuliwa kwa karne kadhaa kwa ajili ya rweya, kisha akamnyima rweya.

Na yuko ndege, ambaye katika mazungumzo ya mbwa husahauliwa. Imepokewa kwamba shomoro auawaye bure atamlalamikia muuaji wake mbele ya Mwenyezi Mungu. Kwale apigwaye risasi jioni katika majani marefu, akaanguka akiwa hai na bawa limevunjika, hukimbia hatua chache akajificha. Mwindaji asiye na mbwa hutafuta kidogo, giza likaingia, akaenda zake, na ndege akabaki kufa polepole au kuliwa hai na siafu. Mbwa mchukuzi aliye mzuri humpata. Hapo ndipo naona hoja yenye nguvu kuliko zote ya kumtumia mbwa, kupita wingi wa mawindo na kupita furaha ya kuwinda, ambayo siikatai: pua yake humfupishia maumivu kiumbe ambaye sisi tumemjeruhi. Na katika miezi ambayo kwale wanalalia mayai chini ya mashina ya majani, mbwa huyo huyo afungwe, kwani pua ile ile haitabagua mama na kinda.

Limebaki jambo moja la kutazama uwanjani kwa mfugaji, nami hulipa uzito kuliko mengine. Izzi bin Abdussalam, mwanachuoni wa Kishafii aliyefariki mwaka 1262, alipoorodhesha haki za wanyama juu ya wanadamu, alianza na matumizi: mnyama alishwe kwa kadiri impasayo hata akizeeka au kuugua asiweze tena kuleta faida yoyote. Mbwa wa ndege hufanya kazi kwa miaka minane au tisa, kisha pua hufifia na viuno hukauka, na mbwa jike huacha kuzaa mapema kuliko hapo. Kwa hiyo ukisha kumwona mama wa vilebu, mwulize mfugaji yuko wapi bibi yao. Akikuonyesha mbwa mzee amelala kivulini, macho yameingia ukungu wa uzee, sahani yake imo mahali pake, maji yamo, mbavu hazihesabiki, basi kaa mzungumze habari za kilebu. Akikuambia kwamba wakizeeka hawawezi kuwaweka, au akatafuta maneno, mshukuru kwa muda wake, urudi Muleba mikono mitupu, ukamtafute jirani ambaye mbwa wake mwekundu amezaa.